Kilo Ambazo Sikuzitoa

Nimepima viazi vya watu kwa miaka kumi na tisa. Mizani yangu imekaa pembeni ya barabara itokayo Njombe kwenda Makambako, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, na wanaoshusha mizigo pale wananijua kwa jambo moja: natoa gunia. Maana yake ni kwamba kabla mzigo haujajazwa, napima gunia tupu na kuandika uzito wake kwenye daftari. Likishajaa napima tena, kisha napunguza. Daftari lina safu tatu: jumla, gunia, halisi. Siku za mvua gunia hunywa maji likawa zito, kwa hiyo sikisii, napima upya. Mnunuzi aliyezoea lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka lishonewe kilemba juu, hanipendi kwa sababu kwangu kilemba kinaonekana kwenye namba. Mkulima naye hanipendi sana, kwa sababu udongo wake haulipwi. Mama mmoja wa Lupembe aliwahi kusema mbele ya foleni, "Huyu hata mkewe akimpandisha kwenye mizani, atamwambia kwanza avue kitenge." Watu walicheka. Nami nilicheka, na moyoni nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Shule niliishia darasa la saba. Desimali nilijifunza mwenyewe, na Kiingereza kidogo nilikipata kwenye kamusi iliyokosa jalada. Naeleza haya mapema ili msomaji asinionee huruma mahali nisipostahili. Kosa ninalotaka kuliandika halikutokana na kutojua.

Mtu niliyemkosea namwita mjomba. Hakuzaliwa tumbo moja na mama yangu. Ni wa ukoo wake, kutoka Matembwe, na kwetu hiyo inatosha. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Shamba lake lilikuwa juu kidogo ya mizani yangu, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na alilima mahindi, viazi na maharage. Katikati ya mahindi alikuwa na mistari miwili ya bangi. Wengi tulijua. Mke wake alikuwa na saratani, na hospitali ilishawaambia warudi nyumbani. Vidonge alivyopewa vilimtuliza mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo mjomba alikuwa akichemsha majani, anachuja, anachanganya na maziwa, na mama yule alilala.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Aliuza pia. Vijana wa malori pale Makambako walikuwa wanamfuata, na hakuwafukuza.

Walimkamata Alhamisi moja ya masika, saa nne asubuhi. Gari la polisi lilisimama mbele ya mizani yangu, nyuma limejaa mimea mibichi iliyong'olewa na mizizi yake, udongo bado unadondoka. Askari walikuwa watatu. Mjomba alishushwa akakalishwa chini kwenye nguzo ya paa, mikono yote ndani ya pingu. Aliniangalia akasema, "Kamwene, mpwa."

Ni salamu yetu, na hujibiwa kwa neno lilelile. Sikujibu. Nilijifanya napangusa mizani.

"Mtaalamu," mkubwa wao aliniita. Hakuna askari aliyewahi kuniita hivyo. "Kituoni tuna mizani ndogo ya mezani. Tupimie huu mzigo. Na magunia unayo?"

Nilikuwa nayo mawili ya katani, yale ninayofunikia mizani mvua ikinyesha. Yalikuwa yamelowa. Moja lilikuwa na kiraka nilichokishona kwa uzi wa buluu. Kabla ya kuwapa niliyaweka kwenye mizani, bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Kilo mbili nukta sita. Nikaandika.

Walijaza mimea, wakakanyaga ishuke, wakafunga. Nikapima.

"Soma."

"Ishirini na moja nukta nne."

Afande aliandika. Nilifungua mdomo ili niseme kuhusu magunia. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Yeye, bila kuinua kichwa, akauliza, "Una uhakika?"

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikasikia swali lile kama dharau kwa kazi yangu, mbele ya wakulima sita waliokuwa wamesimama na viazi vyao. Nikajibu, "Mizani yangu haina kosa, afande."

"Safi. Weka sahihi hapa, kama shahidi huru."

Nikaweka. Gari lilipoondoka nilirudi kwenye daftari, na mkono wangu ukamaliza kazi yake kama kawaida. Jumla: 21.4. Gunia: 2.6. Halisi: 18.8. Udongo wa mizizi sikuutoa, kwa sababu sikuwa na njia ya kuupima.

Siku hiyo sikujua kama tofauti ile ilikuwa na maana yoyote. Nilijua siku nane baadaye. Binti wa mjomba alishuka kutoka kwenye basi la Njombe, akapita kwangu kunywa maji. Alikuwa amekwenda kumwekea baba yake dhamana, amebeba barua ya mtendaji wa kijiji, pamoja na wadhamini wawili.

"Wamekataa," alisema. "Wanasema sheria ina mstari kwenye kilo ishirini. Chini yake mtu anaweza kudhaminiwa. Ikifika ishirini, hakuna dhamana, hata umlete askofu."

"Na ya baba ni ngapi?" niliuliza, kana kwamba sikuwa mimi niliyeisoma.

"Si ishirini na moja na kitu? Wewe ndiye uliyepima, kaka." Kisha akaona uso wangu, akadhani ni huruma. "Usijisikie vibaya. Ulilazimishwa. Sheria ni sheria."

Daftari lilikuwa mezani kati yetu, limefungwa. Nilimwambia, "Pole, dada." Nikamjazia kikombe tena.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa naogopa nini. Niliogopa kuambiwa nimetia sahihi jambo la uongo. Niliogopa watu wa vipimo wasije wakaondoa muhuri wao kwenye mizani yangu. Lakini nikiandika kwa usahihi, hofu hizo zilikuja baadaye. Kilichonizuia mara ya kwanza ni kwamba nilikuwa nimesema haina kosa, na watu walikuwa wamenisikia.

Mjomba alikaa mahabusu. Kila baada ya wiki mbili alipelekwa mahakamani, akaambiwa upelelezi haujakamilika, akarudishwa. Nyumbani, polisi walikuwa wamefyeka mistari yote miwili, na hakuna jirani aliyethubutu kumpelekea mke wake hata jani moja. Mimi nilimpelekea viazi. Nilikuwa nakwenda Jumapili baada ya ibada, nakaa kwenye kiti karibu na mlango. Vidonge vilikuwa havimfikishi tena hata saa nne.

Jumapili moja aliniuliza, "Mjomba wako anarudi lini?"

"Karibu, mama."

"Wewe ni mtu wa hesabu. Karibu ni siku ngapi?"

Alisubiri kwa muda, akageukia ukutani. Binti yake akanipa ishara kwamba nitoke, ili amgeuze mama yake mgongo, kwa sababu akigeuzwa alipiga kelele na hakutaka wageni wasikie. Nilisikia nikiwa nimefika kwenye migomba.

Alikufa siku ya mia moja na kumi na tisa baada ya ile Alhamisi. Familia iliomba mjomba aletwe azike, hata kwa saa mbili, hata na pingu. Jibu lilikuja kwamba gari halipo.

Kwetu mchungaji akimaliza maombi kaburini, anayeanza kutia udongo ni mwenzi wa marehemu. Mchungaji aliita, "Mume wa marehemu." Watu wakatazamana. Wazee wa ukoo walinong'onezana, kisha mkubwa wao akaninyooshea mkono.

"Mpwa husimama mahali pa mjomba. Njoo."

Nilisema kuna watu wa karibu zaidi.

"Nani wa karibu kuliko wewe? Ulikuwa unakuja kila Jumapili. Njoo, usitucheleweshe, jua hilo linazama."

Nikaenda. Nikachota kwa mkono wa kulia, nikatia mara tatu kwa niaba ya mume wake. Udongo ulikuwa mbichi na uling'ang'ania viganjani. Baadaye wanawake walinimiminia maji ninawe, na mmoja wao akasema, "Mungu akubariki, baba, umemsitiri mwenzako." Nilinawa haraka.

Kesi ilianza kusikilizwa baada ya mwaka na miezi kadhaa. Niliitwa Njombe kutoa ushahidi. Nilivaa koti langu la kanisani. Magunia yangu mawili yaliletwa kama kielelezo. Nililijua lile lenye kiraka cha uzi wa buluu. Mimea ilikuwa imekauka, na karani aliyabeba yote mawili kwa mkono mmoja. Niliona hakimu naye akiangalia mkono ule. Lakini karatasi yenye sahihi yangu ilisema ishirini na moja nukta nne, na mkemia, aliyepelekewa sampuli tu, alikuwa ameshathibitisha kwamba ni bangi.

Mjomba hakuwa na wakili. Nilipomaliza kueleza, hakimu alimwambia ana haki ya kuniuliza maswali. Alisimama. Alikuwa amepungua sana, koti limemning'inia.

"Shahidi," alisema. Hakuniita mpwa. "Mimi nimeleta viazi kwako mara nyingi?"

"Ndiyo."

"Ukipima viazi vyangu, ulikuwa unafanya nini na gunia?"

"Nilikuwa natoa uzito wake."

"Siku ile ulitoa?"

Mwendesha mashtaka aliinuka nusu, akakaa. Hakimu akasema, "Jibu swali, shahidi."

Nilikuwa na daftari. Lilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, nimelibeba kutoka nyumbani nikijidanganya kwamba nitalitoa nikiulizwa. Nimeulizwa sasa, kwa maneno ambayo hata mtoto angeweza kuyajibu.

"Niliambiwa nisome mizani," nilisema. "Nikasoma."

Hakimu aliandika. Mjomba aliniangalia muda mfupi tu, kisha akasema, "Sina swali lingine, mheshimiwa," akakaa.

Alihukumiwa miaka thelathini. Hesabu ya umri atakaotoka nao aliifanya hapohapo, nilimwona midomo ikitembea.

Baada ya hukumu nilifanya ninachofanya ninaposhindwa kulala: nilisoma. Kwenye duka moja la vifaa vya ofisi Njombe walinitolea nakala ya sheria, nikaisoma Jumapili saba mfululizo, kamusi pembeni, nikipigia mstari. Kisha nikatafuta wakili. Nilimwonyesha daftari, nikamweleza yote. Ni kijana mwenye adabu, na hakunikemea. Alisoma safu tatu, akavua miwani.

"Mzee wangu, hii ingesaidia kwenye dhamana. Kilo kumi na nane zina dhamana. Mjomba wako angesubiri kesi yake akiwa nyumbani."

"Na hukumu?"

"Hukumu haibadiliki. Kwa kosa aliloshtakiwa nalo, kilo ishirini na moja ni miaka thelathini, kumi na nane ni thelathini, hata mbili ni thelathini."

Niliuliza mara mbili ili niwe na uhakika. Kwa hiyo nilichomnyang'anya mjomba kinajulikana kwa kipimo kamili. Siku mia moja na kumi na tisa za mwisho za mke wake, na udongo wa kaburi lake. Miaka thelathini sikumpa mimi. Alipewa na sheria isiyouliza gunia, wala mtu, wala kilichokuwa kinachemka jikoni kwake.

Na kuhusu sheria hiyo nina neno, ingawa najua si mimi niliyestahili kulisema. Zamani niliamini kwamba anayelima bangi anastahili chochote atakachokipata. Sasa sina imani hiyo. Sisemi bangi ni mboga. Nimemwona kijana pale stendi ya Makambako ambaye akili yake haijarudi, na mama yake anamfuata na sahani ya ugali. Lakini katika tarafa yetu kuna mtu aliyekunywa ulanzi tangu asubuhi, akamkata mdogo wake kwa panga wakati wanagombania mpaka wa shamba, akamuua. Alifungwa miaka michache, akarudi, na juzi alileta viazi kwangu. Ulanzi tunaugema kwenye mianzi nyuma ya nyumba zetu. Anayeuza anajulikana, ana kibali, ana saa za kufungua na kufunga, na akiuza vibaya mtendaji anamfungia. Hakuna anayedai ulanzi haudhuru. Tumeamua tu kwamba madhara yake tutayasimamia mchana, tukijua nani ameuza na nani amekunywa.

Sioni kwa nini bangi isingewekwa mahali hapohapo: kibali, saa, marufuku kwa watoto, faini kwa anayekiuka, na dawa kwa mgonjwa aliyeambiwa na hospitali arudi nyumbani. Wanaopinga husema vijana wataharibika. Vijana wa malori walikuwa wanainunua kwa mjomba kabla hajafungwa, na wananunua kwa mwingine sasa. Kilichopungua hapa kwetu ni mtu mmoja mwenye miaka sitini na kitu, na mke wake. Mizani isiyotofautisha kilo mbili na ishirini, mimi ningeipeleka kwa fundi. Kama ni ya mtu mwingine, ningemshauri asiitumie kwa watu mpaka itengenezwe.

Nimeandika aya hizi mbili mara nyingi, na kila mara nimegundua kwamba ni rahisi kwangu kuandika kuhusu sheria kuliko kuhusu koti langu la kanisani na daftari lililokuwa ndani yake.

Mwezi uliopita nilikwenda gerezani. Tuliongea kupitia wavu, askari magereza amesimama hatua chache. Nilianza na salamu ambayo nilikuwa nadaiwa.

"Kamwene, mjomba."

"Kamwene, mpwa." Alicheka kidogo. "Umechelewa kuitikia."

Nilimweleza. Nilitoa daftari, nikafungua ukurasa, nikambandikia kwenye wavu. Hakuusoma.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuwa nimekaa pale kwenye nguzo. Ulipima magunia matupu, ukaandika. Nikasema moyoni, basi, mpwa wangu atayatoa. Nilikuwa nasubiri tu useme."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Mimi? Mwenye pingu? Nani angesikia?" Alikohoa, akapangusa mdomo. "Kule mahakamani nilikuuliza makusudi. Sikutegemea kushinda. Mama alishakufa, nishinde nini? Nilitaka usiondoke na kitu kile mfukoni."

Nilimwambia maneno ya wakili, kwamba haitapunguza mwaka hata mmoja. Nikamwambia pia kwamba wakili ameandaa kiapo cha kupeleka kwenye rufaa, nikikubali kutia sahihi, na kwamba nikitia nitakuwa nimekiri mbele ya mahakama nilichokificha. Wanaweza kunishtaki. Mizani nayo huenda nikaipoteza.

"Utatia?"

"Nilikuja kukuuliza."

"Usiniulize mimi." Sauti yake ilipanda, askari akageuka kutuangalia. Akaishusha. "Ulikuja kuniuliza ili mimi ndiye niwe nimekutuma. Nenda ukatie au usitie. Niambie lingine. Mama alikaa siku ngapi bila mimi?"

Mtu mwingine angesema hakumbuki.

"Mia moja na kumi na tisa."

Askari alitazama saa yake.

"Nayo umeiandika?"

"Nimeiandika."

"Basi hiyo," alisema, "usitoe kitu."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja ofisini kwa wakili, kwa miguu, kabla sijapata nafasi ya kufikiri vizuri. Nilisoma kiapo chote, neno kwa neno. Mahali palipoandikwa kwamba "kwa bahati mbaya" sikutaja uzito wa magunia, nilimwomba afute maneno hayo matatu na kuchapa ukurasa upya. Alisema hayana uzito kisheria. Nilimwambia naelewa, afute. Printa yake ilikuwa na tatizo la karatasi, tukasubiri karibu nusu saa. Kisha nikatia sahihi.